Dawa ya mama imeanza kushindwa: tuuze shamba tumpeleke kwenye majaribio ng'ambo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Tanga. Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji, akatolewa uvimbe tumboni mkubwa kama embe dodo, tukaambiwa ni saratani adimu inayoitwa GIST. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwenye ini. Akaanzishiwa imatinib miligramu 400 kila siku, na kwa kweli alipata nafuu kubwa. Mwezi uliopita picha ya CT imeonyesha donge moja kwenye ini limekua. Mgonjwa mwenzake kliniki amemwambia Marekani kuna majaribio ya dawa mpya ya ugonjwa huu. Mjomba anataka tuuze shamba la michungwa la Muheza tumsafirishe. Shangazi naye anasema mama aache vidonge kwanza, maana vimeshindwa na vinamvimbisha uso. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mpe mama pole zangu. Nianze na la shangazi, kwa sababu hilo halisubiri hata kesho: mama asiache vidonge. Shangazi anasema kwa mapenzi, najua, lakini jambo hili limeshapimwa.

Ufaransa walichukua wagonjwa wenye GIST iliyosambaa, ambao imatinib ilikuwa imewatuliza kwa mwaka mzima, wakawagawa kwa kura. Wagonjwa 26 waliendelea kumeza, 32 walisimamishwa. Kati ya wale 32, ugonjwa uliamka kwa 26. Kati ya walioendelea kumeza, uliamka kwa 8. Utaniambia hao dawa ilikuwa bado inawafaa, na mama imeshaanza kumshinda. Hilo nalo lilijibiwa Korea Kusini mwaka 2013. Wagonjwa 81 ambao imatinib na hata dawa ya pili zilikuwa zimeshawashinda waligawanywa: nusu wakarudishiwa imatinib, nusu wakapewa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Waliorudishiwa imatinib, ugonjwa ulitulia kwa takribani miezi 1.8. Wenzao, miezi 0.9. Ni muda mfupi, sikatai, lakini unaonyesha kwamba hata pale tunaposema dawa imeshindwa, bado kuna kitu inakizuia.

Sababu yake ni hii. Madonge ya mama si kitu kimoja. Donge moja limepata njia ya kuikwepa dawa, na mengine, pamoja na yale madogo ambayo picha haiyaoni, bado yamefungwa. Ukisimamisha dawa kwa kulikasirikia lile moja, umeyafungulia yote. Kwa hiyo usiku wa leo mama ameze kidonge chake kama kawaida, mpaka daktari wake amwambie vinginevyo na amwonyeshe anambadilishia nini.

Sasa twende kwa mjomba na shamba lake, na hapa nitakaa sana.

GIST huota kwenye ukuta wa tumbo au utumbo, kutoka kwenye seli zinazoitwa seli za Cajal, zile zinazouamuru utumbo ujikaze na kujilegeza ili chakula kisogee. Ni ugonjwa wa watu wachache, takribani 10 hadi 15 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Hadi miaka ya 1990 wengi waliitwa wana saratani ya misuli ya tumbo, wakapewa kimoterapi ya kawaida, na haikuwafaa kitu. Mwaka 1998 watafiti wa Osaka, Japani, akiwemo Seiichi Hirota, wakaonyesha kwamba katika uvimbe mwingi wa aina hii jeni iitwayo KIT imeharibika. Ichukulie kama swichi ya taa iliyonasa: seli inaambiwa ikue, ikue, na hakuna wa kuizima. Imatinib inakwenda kukaa palepale kwenye swichi na kuizima.

Mtu wa kwanza mwenye GIST kumeza dawa hiyo alikuwa mwanamke mmoja kule Helsinki, Finland, Machi 2000, chini ya daktari Heikki Joensuu. Saratani yake ilikuwa imefika kwenye ini, na upasuaji na kimoterapi vilikuwa vimefika mwisho. Madonge yake yakasinyaa. Mwaka huohuo majaribio makubwa zaidi yakaanza Marekani na Finland kwa wagonjwa 147, na zaidi ya nusu yao uvimbe ulipungua sana. Februari 2002 Marekani ikaidhinisha dawa kwa ugonjwa huu. Miaka miwili tu. Mimi ni daktari wa saratani na nakuambia, jambo kama hilo hatulioni mara nyingi.

Nakusimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, mjomba hajakosea kuyaheshimu majaribio. Kidonge ambacho mama amekimeza miaka hii yote kilitoka kwenye majaribio, kwenye miili ya watu waliokubali wakati hakuna aliyejua kingefanya nini. Wagonjwa wale wa mwanzo walikuwa wakiandikiana barua pepe: nani amevimba, nani amepata upele, nani bado ana nguvu. Kutokana na mazungumzo hayo likazaliwa shirika la Life Raft Group, lililosajiliwa mwaka 2002 na linaloendelea hadi leo. Kwa hiyo yule mgonjwa mwenzake mama aliyemnong'oneza kwenye benchi la kliniki anafanya kazi ya zamani na ya heshima.

Sababu ya pili ndiyo kiini cha jibu langu. Dawa ile ilifanya kazi kwa sababu swichi ilijulikana kabla ya dawa kutolewa. Ninyi mnataka kusafiri kutafuta dawa kabla ya kuijua swichi ya mama. Katika barua yako ndefu (nimeifupisha hapo juu) umeniandikia ukubwa wa uvimbe, tarehe ya upasuaji, dozi na picha. Sikuona popote ni sehemu gani ya jeni iliyoharibika. Nadhani hamjawahi kuambiwa, na pengine haijawahi kupimwa. Hilo ndilo la kwanza kufanya. Linagharimu pesa, ndiyo, lakini si shamba.

Kuna tofauti kubwa humo ndani. Takribani theluthi mbili ya wagonjwa wana hitilafu katika kipande cha KIT kinachoitwa eksoni 11, na hao imatinib ya 400 huwashika vizuri. Wapo wa eksoni 9, kama mmoja katika kumi, ambao mara nyingi uvimbe wao umetokea kwenye utumbo mwembamba. Hao tunapenda kuwapa 800. Wapo wachache ambao KIT yao ni nzima na hitilafu iko kwenye jeni jirani ya PDGFRA, mahali paitwapo D842V. Kwao imatinib ni kama maji tu, lakini tangu Januari 2020 ipo avapritinib iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili yao. Na wapo wengine, hasa vijana na zaidi wasichana, ambao hawana hitilafu yoyote kati ya hizo. Kwa kuwa mama alipata nafuu kubwa kwa 400, naona uwezekano mkubwa kwamba yeye ni wa kundi la kwanza. Lakini kuona kwangu si kipimo.

Kipimo hiki hakihitaji kumchoma mama sindano mpya. Uvimbe uliotolewa 2021 haukutupwa wote. Maabara ya patholojia hukata vipande, huvizamisha kwenye nta, na kila kipande hubaki kama kijitofali cheupe cha nta, chembamba kuliko kiberiti, chenye namba pembeni. Tunakiita bloku. Bloku ikitunzwa vizuri hukaa miaka mingi na bado ina majibu ndani. Nimewahi kumpokea kijana aliyeleta bloku ya baba yake kutoka mkoani. Aliiweka juu ya dashibodi ya gari, jua la mchana, madirisha yamefungwa. Alipofungua bahasha, nta ilikuwa imelegea na kushikana na karatasi, na namba haisomeki. Tulikwangua tukapata kidogo cha kupimia, kwa bahati. Mwingine alikwenda hospitali aliyopasuliwa baba yake akaambiwa bloku haionekani, wala hakuna aliyejua ilitolewa lini. Kwa hiyo nendeni mkaiombe kwa maandishi, mchukue na ripoti ya patholojia yenyewe, muandike ni nani amekabidhi na lini, mzibebe kwenye kopo gumu mahali pa baridi. Na msiitoe yote. Ombeni maabara ibaki na sehemu.

Wakati bloku inafuatiliwa, yapo ya kufanya hapahapa.

Hakikisheni kwanza donge limekua kweli. Nasema hivi kwa sababu GIST inayotibiwa kwa imatinib ina tabia ya kudanganya macho. Donge likifa ndani hugeuka kama mfuko wa maji, na mfuko huo unaweza kuonekana mkubwa kuliko nyama ya awali. Ndiyo maana mwaka 2007 daktari Haesun Choi na wenzake wa Houston walipendekeza tusitazame ukubwa peke yake bali na uzito wa kivuli kwenye picha: donge likipungua asilimia 10 kwa kipimo, au asilimia 15 kwa uzito wa kivuli, dawa inafanya kazi. Mchukulieni mtaalamu wa picha CD zote, ya zamani na ya sasa, mkamwombe azitazame pamoja. Mwulizeni neno moja: limekua kwa maji au kwa nyama? Kinyume chake nacho kipo. Donge la zamani lililokwisha kuwa maji likiota kijinundu kigumu ndani yake, hiyo ni dalili ya usugu hata kama kwa nje halijaongezeka hata milimita.

La pili, hesabuni vidonge. Simlaumu mama. Lakini nimekutana na wengi ambao dawa haikushindwa, ilikuwa haifiki. Mmoja alikuwa anatapika dakika kumi baada ya kumeza, kila asubuhi, na hakumwambia mtu. Mwingine alikuwa anameza kimoja kwa siku mbili ili kisiishe kabla ya nauli ya kwenda Dar kupatikana. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja: kifua kikuu. Dawa ya rifampisini, iliyo ndani ya vidonge vya TB, hulifanya ini liivunje imatinib haraka mno, kiasi cha kupunguza dawa mwilini kwa karibu robo tatu. Dawa kadhaa za kifafa hufanya hivyohivyo. Ikiwa mama ametumia chochote cha namna hiyo, au dawa ya mitishamba yoyote, daktari wake ajue. Simaanishi aache dawa ya TB. Maana yake ni kwamba dozi na mpango vipangwe upya na daktari.

La tatu, kama kweli ni donge moja tu lililokua na mengine yametulia, mwonyesheni daktari wa upasuaji mwenye uzoefu wa ini. Wakati mwingine donge lile hutolewa au huunguzwa kwa sindano maalumu ya joto, na mgonjwa huendelea na imatinib yake kwa ajili ya yale madonge yaliyobaki kifungoni. Kama haiwezekani, hatua ya kawaida ni kupandisha dozi hadi 800, yaani 400 asubuhi na 400 jioni. Katika majaribio makubwa ya Marekani, waliopandishiwa dozi baada ya 400 kushindwa, takribani theluthi moja walitulia au uvimbe ukapungua. Hiyo ni dawa ambayo mama tayari anayo mkononi. Imatinib imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, kwa GIST pia, na tangu Mahakama ya Juu ya India ilipokataa hataza ya Glivec (jina la kibiashara la imatinib) mnamo Aprili 2013, vidonge vya viwanda vya India vimezidi kuwa nafuu. Kabla ya hapo, wagonjwa wetu wa saratani ya damu ya CML walipewa Glivec bure pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, kupitia mpango wa Novartis, kampuni inayoitengeneza, na shirika la The Max Foundation, na Nairobi hali kadhalika. Ulizeni ustawi wa jamii wa hospitali yenu kama mama anastahili msaada wa aina hiyo leo.

Baada ya 800 huja sunitinib, iliyoidhinishwa tangu 2006, kisha regorafenib, kisha ripretinib. Na hapa ndipo majaribio yanapoingia, na hapa ndipo watu wengi huharibu nafasi yao bila kujua.

Majaribio si dawa mpya inayosubiri watu waende kuichukua. Ni swali ambalo watafiti hawana jibu lake. Awamu ya kwanza huuliza: dozi gani mwili wa binadamu unaivumilia? Ya pili: je, kuna dalili kwamba inafaa? Ya tatu: inaishinda ile tuliyonayo? Na jibu la tatu mara nyingine huwa hapana. Ripretinib ilipopambanishwa na sunitinib kwa wagonjwa 453 ambao imatinib imewashinda, yaani watu wa hali kama ya mama, haikuuzuia ugonjwa kwa muda mrefu kuliko ile ya zamani. Madhara makali yalikuwa machache, na hilo si dogo kwa anayeishi nayo. Lakini mtu aliyeuza shamba akidhani mpya maana yake ni bora, angelia.

Wengi wananiuliza kuhusu kidonge kitupu. Ndiyo, kipo katika baadhi ya majaribio, na lazima uambiwe kabla hujatia sahihi. Sunitinib ilijaribiwa hivyo kwa wagonjwa 312, ambapo wawili kati ya kila watatu walipata dawa. Ilipoonekana kwamba wenye dawa wanakaa wiki 27 kabla ugonjwa kusogea, na wasio na dawa wiki 6, siri ilifunguliwa mapema na waliokuwa kwenye kidonge kitupu wakapewa dawa. Mwulizeni mtafiti yeyote: mama akiangukia upande ule na ugonjwa ukasogea, atavushwa?

Jambo la masharti lisikilizeni vizuri. Kila majaribio yana mlango wake. Mengine yanataka aliyeshindwa na imatinib peke yake na hajaonja sunitinib. Mengine yanataka hitilafu fulani ya jeni, na bila karatasi ya kipimo hata jina halipokelewi. Ukienda mahali ukamnunulia mama sunitinib ya mwezi mmoja kwa haraka, mlango wa kwanza unaweza kujifunga. Kwa hiyo swali la majaribio huulizwa kabla ya kubadilisha dawa. Mnaweza kuanza kulifuatilia mkiwa hapohapo Tanga: rejista ya ClinicalTrials.gov inaonyesha majaribio ya dunia nzima, na ile ya Pan African iliyoko Cape Town inaonyesha ya bara letu. Andikeni GIST, tazameni yapi bado yanaandikisha watu na katika nchi gani, kisha mpelekeeni daktari namba zake. Barua kutoka kwa daktari kwenda kwa mtafiti, ikiwa na ripoti ya jeni na picha, haigharimu nauli ya ndege.

Kuhusu pesa: katika majaribio halali dawa inayojaribiwa hulipiwa na mwenye utafiti. Lakini Marekani vipimo vya kawaida na kitanda mara nyingi hupelekwa kwenye bima ya mgonjwa, na mgeni asiye na bima bili ni yake. Ongeza viza, nyumba ya kupanga, na mahudhurio ya kila wiki mbili au kila mwezi kwa muda usiojulikana. India ni habari nyingine. Wengi wa wanaokwenda huko huenda kwa matibabu ya kulipia, si majaribio, na kwa mama inaweza kuwa na maana kama donge lile linahitaji upasuaji usiopatikana hapa. Na mtu yeyote akiwaomba fedha ili jina la mama liingizwe kwenye majaribio, mkatieni simu. Hapa Tanzania utafiti wa dawa hupita NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya hupita Bodi ya Famasia na Sumu. Majaribio ya kweli yana namba ya kibali, yana fomu ya ridhaa ambayo mama ana haki ya kuisomewa kwa Kiswahili na kuondoka nayo nyumbani akaifikirie, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Nirudi kwenye benchi la kliniki. Mwambie mama asiache kuongea na wenzake. Mimi mwenyewe nimejifunza kwao. Mama mmoja wa Lushoto ndiye aliyenifundisha kwamba kumeza kidonge baada ya ugali wa jioni, na glasi kubwa ya maji, kichefuchefu kikamkuta amelala. Nawapa wagonjwa wengine ushauri huo hadi leo. Kuhusu mikakamao ya misuli, uchovu, namna ya kumwambia mume, hao ndio walimu. Lakini mwenzake anaweza kuwa na hitilafu ya eksoni 9, mama ya 11. Dawa iliyomwinua mmoja isimguse mwingine hata kidogo, na wote wawili kadi zao zimeandikwa GIST. Kwa hiyo akiletewa habari ya dawa mpya, aulize: wewe jeni yako ni ipi?

Uso kuvimba, hasa kuzunguka macho asubuhi, ni tabia inayojulikana ya imatinib na haina maana kwamba figo zimekufa. Apunguze chumvi, alale kichwa kikiwa juu kidogo kwa mto wa ziada, apimwe uzito kila wiki. Akiongezeka kilo mbili au tatu kwa siku chache, au akikosa pumzi, aende hospitali siku hiyohiyo. Na balungi asile kabisa wakati yuko kwenye dawa hii. Machungwa ya Muheza hayana neno.

Jumatatu nendeni patholojia mkaombe bloku. Mjomba aandamane nawe, maana mtu mzima akisimama dirishani hapewi njoo kesho kirahisi. Shamba liacheni kama lilivyo mpaka majibu ya jeni yarudi, kisha niandikie tena.